Nyumba ya Wazazi, Mjimwema

Kwa miaka mingi nimekula kwa alama moja ndogo. Ni ule mkato unaoning'inia juu ya neno la Kiingereza kuonyesha kwamba kitu kina mwenyewe. Ikikaa kabla ya ile s, mwenyewe ni mmoja. Ikikaa baada yake, wenyewe ni wengi. Nilisoma chuo kikuu ili niweze kulisema jambo hilo kwa uso mkavu mbele ya watoto wa Makambako, ambao wazazi wao wanauza matairi na chai kwa madereva wa malori, na ambao wanataka kujua kitu kimoja tu: litatoka kwenye mtihani au halitoki. Hutoka. Ndiyo maana mimi hula.

Kaka yangu ninayemfuata alifariki mwezi wa saba, wakati Njombe asubuhi majani yanakuwa meupe kwa umande ulioganda. Alikuwa na nyumba huko, mtaa wa Mjimwema. Kiwanja tuliachiwa na baba yetu, lakini nyumba aliijenga yeye na mke wake, kwa tofali walizofyatua na kuchoma wenyewe, na bati walizonunua kidogo kidogo kwa viazi vya wifi yangu. Walizaa mtoto mmoja, msichana, aliyekuwa kidato cha nne. Baada ya mazishi wanaume wa ukoo walibaki. Kila mtu alijua wamebaki kwa sababu gani: kulikuwa na kikao, na kikao kingesema nyumba ni ya nani.

Siku ya kikao yule binti alinifuata nyuma ya jiko, nilikokuwa nimejificha nisipewe kazi. Alikuwa amevaa koti la baba yake juu ya sweta la shule.

"Shangazi, wiki ijayo tuna moko, ule mtihani wa majaribio. Zile alama za umiliki sizielewi."

"Leo?"

"Ndani wanalia. Mimi nimeshalia."

Basi tukakaa juu ya rundo la mabanzi ya paini yaliyoletwa kwa ajili ya kupikia. Kitabu chake kilikuwa na mifano ile ile niliyofundishwa mimi: viatu vya wavulana ni vichafu, ofisi ya walimu imefungwa. Nikamwambia akiweke pembeni, atunge sentensi kwa vitu anavyoviona. Hapo nilijiona mwalimu wa kisasa.

Akatazama mlangoni, ambako viatu vya wanaume vilikuwa vimepangwa. Akaandika: "My fathers' shoes are at the door."

"Alama umeiweka sawa," nikasema. "Lakini hao si baba zako. Andika *uncles'*."

"Baba mkubwa si baba? Baba mdogo si baba?"

"Kwetu ni baba. Kwa Kiingereza mtu ana baba mmoja."

"Basi wa kwangu ameisha," akasema, akafuta neno.

Akaendelea. Sahani za waombolezaji hazitoshi. Moto wa wanawake unafuka moshi. Hapo akakosea, nikamweleza kwamba wanawake na watoto hawafuati kanuni ya wengine, alama yao inakaa mahali pa peke yake, na ni lazima wakaririwe mbalimbali. Nimelisema hilo darasani mara nyingi bila kulisikia.

Kisha akaandika "My parents' house" na kalamu ikasimama.

"Shangazi, mmoja akifa, bado ni ya wazazi? Au narudisha alama nyuma, iwe ya mama peke yake?"

Nikamwambia bado ni ya wazazi. Nilijibu haraka, kama mtu anayejua. Kabla hajamaliza sentensi nikaitwa ndani.

Katika ukoo wetu shangazi huingia kwenye kikao. Haketi kwenye kochi, hupewa kigoda karibu na mlango, lakini ana neno lake, na nikiongeza ule usomi wangu nilidhani nina mawili. Wanawake wengine wote walikuwa jikoni. Hivyo ndivyo tunavyofanya: watu wakikutana kuzungumza, lazima wale, na wa kuwapikia ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba siku hiyo alikuwa mjane, kwa hiyo mjane alikuwa anawasongea ugali watu waliokuja kuzungumza habari zake.

Kaka mkubwa, mfanyabiashara wa mbao, alifungua kwa sala. Kisha akasema, "Ndugu zangu, nyumba hii ni yetu sote. Haiuzwi. Msimamizi nitakuwa mimi. Vyumba vya mbele vitapangishwa, mjane atakaa nyuma mpaka hapo tutakapoona."

"Tutakapoona nini?" mdogo wetu wa mwisho akauliza.

"Tutakapoona."

Nikasema, "Kaka, mwenye nyumba hayumo humu."

"Mwenye nyumba tumemzika."

"Nasema mke wake."

"Yuko jikoni. Ulitaka leo tule nini, dada, Kiingereza?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu kilikuwa kichekesho kizuri. Kisha nikainuka, nikaenda jikoni, nikamnyang'anya wifi yangu mwiko.

"Wifi, nenda ndani. Wanazungumza nyumba yako."

"Na ugali?"

"Nitasonga mimi."

Alinitazama kama mtu anayeambiwa na abiria kwamba ataendesha basi. Lakini alikwenda, akijifunga kanga vizuri. Nikabaki na sufuria la watu wengi, mikono yangu ya chaki, na fahari kubwa kifuani. Nilijiambia kwamba hatimaye kuna kitu nimekifanya kwenye ukoo huu.

Nilichokisahau nimekijua tangu utoto. Mjane wa kwetu hasemi mbele ya mashemeji mpaka matanga yaanuliwe. Huketi chini kwenye mkeka, hutazama sakafu. Anayemsemea ni wifi yake. Na wifi yake alikuwa jikoni anapigana na ugali.

Ukuta wa jiko lile ni mwembamba. Nilisikia kaka mkubwa akirudia maneno yote, polepole, kwa heshima. Kisha: "Shemeji, umesikia. Una neno?"

Kimya.

"Una neno, shemeji?"

Mtu akakohoa.

"Haya. Amesikia, hana neno. Andika kwenye muhtasari wa kupeleka mahakamani kwamba mjane alikuwepo na ameridhia."

Nilikimbia na mwiko mkononi, ugali ukidondoka kwenye viatu vya watu pale mlangoni. Nilipofika walikuwa wanafunga kwa sala, na mtu hakatizi sala. Nilisimama nimeinamisha kichwa, nimeshika mwiko kama mshumaa. Baada ya amina nikasema kwamba mjane hajaridhia, amenyamaza tu. Kaka mkubwa akanijibu bila hasira, "Ulikuwa wapi wakati anaulizwa?" Kisha akauliza kama chakula kiko tayari.

Kilikuwa kimeungua. Walikula hivyo hivyo. Mdogo wetu alinifuata nje, akanishukuru kwa dhati. "Umetusaidia, dada. Hakimu angeuliza mjane yuko wapi, tungerudishwa. Sasa tumekaa naye."

Nilimwambia wifi twende mahakamani tukapinge, nitalipa nauli, nitasema mbele ya hakimu yote niliyoyasikia ukutani. Alikuwa anasugua sufuria, anakwangua ukoko wangu.

"Wifi, nikiwashitaki, siku ya mwanangu nani atamchimbia kaburi?"

Mimi nina vyeti viwili. Nilichukua kitambaa, nikaanza kukausha sahani.

Wapangaji waliingia vyumba vya mbele kabla baridi haijaisha, na mvua za kwanza zilipokuja walikuwa wamechukua na vya nyuma. Wifi alirudi kwao, kijiji cha karibu na misheni, analima viazi kwenye shamba la kaka zake. Binti ilikuwa aende kwa baba mkubwa, lakini baba mkubwa hakusisitiza. Mtoto wa umri ule hula sana. Akaja kwangu Makambako, chumba na sebule, malori yakinguruma dirishani. Shule yake inaisha mwezi wa kumi na moja, hivyo sikumhamisha; kila siku anapanda gari kwenda Njombe na kurudi, na akifika stendi hapiti njia ya Mjimwema.

Wiki hii tulirudia zile alama, maana mtihani umekaribia. Nikamwambia atunge sentensi za kwake. Alitunga ya madereva, akatunga ya wafanyabiashara wa sokoni, zote sawa. Ya mwisho ilikuwa: "My parents' house has tenants." Alama ameiweka baada ya s. Ameandika nyumba ya wazazi, wote wawili, na wapangaji ndani yake.

"Nimepata, Shangazi?"

"Umepata."

Akafunga daftari, akaenda kusonga ugali. Ugali wangu, anasema, hauliki.