Nimemfokea mzee aliyenivunjia taa ya guta

Leo nimemfokea mzee wa rika la babu yangu, na najuta.

Asubuhi nilikuwa nashusha magunia ya alizeti hapa Mandewa, Singida. Narudi kwenye guta langu la magurudumu matatu, nakuta taa imevunjwa. Mama ntilie wa jirani akaniambia, "Kakugonga mzee mwenye mkokoteni wa maksai. Kaenda mashineni kukamua alizeti."

Nikamfuata mbio. Yuko kwenye foleni, amekaa juu ya mkokoteni wake.

Hata shikamoo sikutoa.

"Wewe mzee! Unavunja taa ya mtu halafu unakimbia?"

Akanitazama. "Nikimbie na mguu huu? Hukuikuta fimbo yangu kwenye kiti chako? Niliiacha ujue aliyegonga ana jina, na atarudi."

Jamani.

Niliikuta. Mimi mtu wa Kasulu, mgeni huku, nikajua ni kijiti tu, mtu kakitupa.

"Iko wapi?" mzee akauliza.

Nikasema ukweli. Niliivunja kwa goti kwa hasira, nikampa mama ntilie. Sasa hivi inaivisha maharage.

Foleni nzima ikacheka. "Mgeni kala fimbo ya mzee!"

Mzee hakucheka. "Basi njoo unishushe, mwanangu. Twende kwa fundi wa taa."

Tumetembea polepole mpaka kwa fundi, ameniegemea begani, anaenda kunilipia taa yangu.

Wenyeji wa Singida, fimbo nzuri ya mzee huku inachongwa kwa mti gani?

Nitukaneni kwanza, halafu mnijibu.