Tawi la Maua ya Njano

Nilimwambia baba, mbele ya wageni, kwamba sala zake ni mazoea tu. Wiki mbili hakunisemesha. Kwetu Wachaga, ukitaka kusamehewa unapeleka jani la sale, na anayepelekewa haruhusiwi kukataa. Uzio wetu wa Usa River umejaa sale, lakini nilijiuliza: kwa nini jani lile na si jingine?

Jumamosi nilipanda hadi msitu wa juu wa Mlima Meru. Huko kwenye baridi na ukungu kuna kichaka cha maua ya njano kisichoota huku kwetu chini, jina lake silijui. Niliokota tawi lililovunjwa na upepo, nikampelekea baba barazani.

"Baba, naomba unisamehe."

Aligeuzageuza lile tawi. "Maua? Mimi mchumba wako?"

"Nimeona sale ni jani tu, baba."

"Sale nisingeweza kulikataa. Hili naweza."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilibaki nimesimama, nikiogopa jibu lake. Baba alilinusa tawi, kisha akanisogezea kiti.

"Kaa. Ulipanda mpaka huko bila sweta?"