Asubuhi Niliyomnyima Mama Shikamoo

Tangu tulipomzika baba, koo lilinibana. Daktari alichungulia, akasema ni zima. Mimi nilijua ugonjwa wangu. Kule Vuga, hata matanga hayajaanuliwa, nilimfokea mama kwa kunificha kwamba baba anaumwa. Nikarudi Lushoto, na tukanyamaziana miezi minane. Hasira zangu ni za kurithi, na niliyemrithi ni yeye mama.

Mwalimu mwenzangu, mtu wa Tanga, alinifundisha kutafakari. Mwilini, alisema, mna vituo saba vya nguvu, kuanzia mwisho wa uti wa mgongo hadi utosini. Cha kooni huziba kwa maneno yasiyosemwa. Mimi mwanakwaya wa Kilutheri nilicheka, halafu nikajaribu. Kila alfajiri nilikaa barazani juu ya gunia la viazi, nikiifuata pumzi kituo hadi kituo. Ikifika kooni, inakwama.

"Ukisikia chochote," aliniasa, "kiache kipite."

Jumamosi moja nikasikia ndala zikijikokota uani. Nilizijua. Mama alikuwa amekuja, na mimi, mwanafunzi mtiifu, nikamwacha apite! Alisimama akingoja salamu. Huku kwetu mtoto ndiye huanza, hata mkiwa na ugomvi. Mama hamwamkii mwanawe. Baada ya kitambo ndala zikageuka.

Nilipofumbua macho, mbele yangu palikuwa na kikapu cha mapeasi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikakimbia pekupeku kwenye tope, nikamwona ameshafika kwenye kona ya barabara.

"Shikamoo mama!"

Sauti ilitoka kubwa mpaka jirani wa ng'ambo akaitikia.

"Marahaba," alisema mama bila kugeuka. Kisha akageuka. "Nilidhani umekufa umekaa."

Nilimrudisha barazani, nikamweleza habari za vituo. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri marefu. Mwishowe akaketi kwenye gunia kando yangu, akafumba macho, akaweka kiganja kifuani.

"Basi changu kimeziba hapa," alisema. "Baba yako aliniapisha nisikwambie. Alijua ungeacha kazi uje kumuuguza, naye alikuwa akijivunia huo ualimu wako kuliko shamba lake."

Nililia, sikuona haya. Kisha nikamwomba radhi, na maneno hayakukwama popote.