Kushuka Kiriri Bila Moteri

Miaka ile ya vikwazo, mipaka ilipofungwa na vita vikaendelea huko milimani, esansi ya kuendeshea magari iliuzwa Bujumbura kwa chupa za soda. Sisi tuliokuwa na magari tulizoea kuzima moteri kila palipokuwa na mteremko. Na kutoka Kiriri, mtaa wa juu kilimani, hadi mjini ni mteremko mtupu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanamke pekee aliyeshika usukani mtaani kwetu Buyenzi. Baba alikuwa fundi magari, na ndiye aliyenifundisha. Siku ya kwanza nilipozima moteri mbele yake alinigombeza kuhusu fre, yaani breki.

"Usichomoe ufunguo, usukani utajifunga. Na ujue, fre zinasaidiwa na moteri. Ukiizima, inabakia nguvu ya kukanyaga mara mbili, tatu. Kisha pedali inakuwa jiwe. We kanyaga mara moja, shikilia. Usikanyage-kanyage."

"Ndiyo, baba," nilisema, nikiwaza mambo yangu.

Ikafika harusi ya mdogo wangu. Mkaa ulikuwa haupatikani Buyenzi, kwa sababu barabara za milimani zilikuwa hazipitiki. Shangazi alikuwa mpishi katika nyumba moja Kiriri, na tajiri wake akamruhusu apikie pilau ya harusi uani kwake, kwa kuni. Baba alikuwa ameshikwa na mgongo wiki hiyo, kwa hiyo nikatumwa mimi na pikapu yake.

Saa sita mchana tulifunga masufuria mawili makubwa nyuma kwa kamba. Shangazi alikaa karibu nami, amepakata bakuli la kachumbari. Nikatoa gari getini, nikazima moteri, tukaanza kuteleza kimyakimya.

Kona ya kwanza nilikanyaga fre, nikaachia. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nilikanyaga mara mbili, kwa sababu shangazi alikuwa akipiga kelele kwamba wali utamwagika. Tulipomaliza kona hiyo nikaona wanajeshi chini yetu. Walikuwa wameweka bariyeri ambayo asubuhi haikuwepo, gogo limelazwa barabara nzima.

Nilikanyaga. Pedali haikushuka. Ilikuwa kama nimekanyaga ukuta.

"Simama!" shangazi alinifokea. "We mutoto, simama, watatupiga risasi!"

"Mi nakanyaga, shangazi! Haishuki!"

Mwanajeshi mmoja aliinua mkono. Mwingine aliinua bunduki. Hapo ndipo maneno ya baba yaliponijia yote kwa pamoja, na sauti yake ya ugomvi. Fre zilikuwepo bado; zilikuwa zinataka nguvu zangu, si za moteri. Niliegemeza mgongo kitini, nikaweka miguu yote miwili juu ya pedali, nikasukuma mpaka mapaja yakatetemeka. Gari likapungua mwendo, lakini haikutosha. Nikageuza ufunguo, nikapeleka mguu mmoja kwenye klachi, nikaingiza gia ya pili, nikaachia klachi. Pikapu ikaruka kama mbuzi, moteri ikakohoa, ikawaka! Pedali ikalainika chini ya mguu wangu. Tukasimama hatua nne kutoka kwenye gogo.

Mwanajeshi alikuja dirishani. "Mlitaka kutupita?"

"Apana, mwanangu," shangazi alisema, kachumbari imemjaa kifuani. "Si tumesimama?"

Alizunguka nyuma, akafunua sufuria moja, akanusa. Kisha akaita wenzake. Shangazi alishuka, akawapakulia kwenye kifuniko, na gogo likaondolewa na watu wanaocheka huku wanatafuna.

Buyenzi tuliingia nikipiga honi mtaa mzima. Wanawake walitoka wakipiga vigelegele kwa ajili ya bibi harusi. Mimi niliamua kwamba vingine ni vyangu. Shangazi alimsimulia baba kila kitu kabla sijafungua mlango.

Baba alinitazama. "Gia ya ngapi?"

"Ya pili."

"Vizuri," alisema. Kwa baba yangu, hiyo ilikuwa hotuba.

Jumatatu yake, mteja mmoja alikuja garajini kuchukua gari alilotengenezewa fre. Baba alinipa ufunguo ili nilijaribu kwanza. Mteja akakataa: hawezi kuacha gari lake kwa mwanamke.

"Basi lirudishe nyumbani bila kujaribiwa," baba akamwambia.

Yule bwana akafungua mlango wa abiria, akaketi. Nikawasha moteri.