Mama Mkwe wa Kitabuni

Kila mtu alimwita Fundi, hata mume wake, ingawa kitu pekee alichoshona ni mapazia. Ukimpelekea suruali ya kupunguza, anakutazama kana kwamba umemuuliza umri. Lakini kwa mapazia hapakuwa na wa kumfikia. Na kwa kuwa pazia ni mshono mrefu ulionyooka, usiodai macho sana, alikuwa amejizoesha kushona huku anasoma riwaya, kitabu kimelazwa wazi kando ya cherehani na mkasi umekikalia juu kisijifunge. Riwaya ikinoga, mshono huenda kombo kidogo. Wateja wengi hawakugundua.

Bi Mkubwa aligundua. Huyu ni mama mkwe wake, mpiga chapa mstaafu, mtu aliyekula chumvi nyingi na bado jicho lake linaona nukta iliyosahauliwa. Fundi alimshonea mapazia ya sebuleni, zawadi kabisa, na moja likatoka fupi upande mmoja. Bi Mkubwa akasema mbele ya wageni, "Hili pazia la mkwe wangu linachechemea." Wageni walicheka. Fundi hakucheka. Tangu siku hiyo, karibu mwaka mzima, hakukanyaga tena kwa mama mkwe. Alituma vitu tu: mchele, sabuni, salamu, vyote kwa mkono wa mume, dereva wa lori, ambaye mwishowe alichoka kuwa posta. Akambembeleza mama yake mpaka akakubali kuja Jumapili, wale chakula cha mchana pamoja, yaishe. Fundi alifurahi kweli. Kununa kulikuwa kumemchosha zamani, ila hakujua pa kuutua huo mzigo.

Sasa sikiliza mdomo unavyoponza kichwa. Wiki hiyohiyo alimaliza riwaya aliyoazimwa na majirani, wasomaji wenzake. Ilikuwa riwaya ya giza totoro: jumba kuukuu, madirisha yamepigiliwa mbao, na hadithi mbili zinazopishana, sura moja ya zamani, sura moja ya leo. Zamani, bibi harusi anaingia jumbani na haonekani tena. Leo, bwana harusi yuleyule ameoa mke wa pili, na huyo wa pili anasikia nyayo juu ya dari, anakuta gauni la harusi limefichwa ukutani, na huko ghorofani anaishi mama mkwe ambaye hashuki ngazi. Fundi aliisoma roho mkononi. Aliunguza pindo la pazia la kliniki moja kwa pasi, na hakujali.

Majirani hao walikuwa na kundi lao kwenye simu, na sheria yao ilikuwa moja: ukimaliza kitabu unatoa maoni kwa ujumbe wa sauti, bila kuchunga mdomo. Fundi akashika simu mkono mmoja, pasi mkono wa pili, akamwaga.

"Jamani, nimemaliza! Yule mama mkwe nilimshuku tangu mwanzo. Mnafiki mkubwa! Sura ya upole, roho ya kutu. Mke wa kwanza kamwondoa yeye, sasa anamnyemelea wa pili. Na yule mume ni zezeta, kila kitu 'mama kasema, mama kasema'. Ningekuwa mimi, ningemfungia yule bibi huko juu, ufunguo nikatupa chooni!"

Akatuma, akaendelea kupiga pasi kwa raha zake. Alipotazama tena simu ndipo alipoona ujumbe umekwenda kundi la familia ya mume.

Wifi yake mkubwa alikuwa ameshaandika, "Mh."

Na jamani, hata mume wa Fundi alikuwa ameoa kabla yake. Mke wa kwanza aliondoka na sanduku lake asubuhi moja, na midomo ya watu ilisema mkono wa Bi Mkubwa ulikuwemo. Fundi alikimbilia kubonyeza kufuta, na kwa haraka yake akajifutia yeye mwenyewe tu. Kwenye simu za wengine ujumbe ulibaki palepale. Kujieleza kukawa kazi, maana sasa hata hakuweza kusikia alichosema.

Mume akapiga simu kutoka safarini. "Mke wangu, zezeta ni mimi?"

"Ni kitabu! Nilikuwa naeleza kitabu!"

"Kitabu gani kina mama mkwe, mke wa kwanza na mimi?"

"Wewe haumo! Yule hata gari hana!"

"Mama ameshausikia ujumbe wako," mume akasema. "Hajasema kitu."

Hapo Fundi akakaa chini. Bi Mkubwa akisema, unajua pa kujikinga. Akinyamaza, hujui pa kushika. Aliona Jumapili yake inazama, na safari hii kosa halikuwa la pazia.

Kesho yake asubuhi Bi Mkubwa akatokea mlangoni kwa Fundi, mkoba kwapani. Hakusalimu. Alinyoosha mkono. "Nipe hicho kitabu ulichomwambia mwanangu."

Fundi akampa. Bi Mkubwa akakigeuza nyuma na mbele, akakitia mkobani, akaondoka. Wasomaji wenzake walipouliza kitabu kiko wapi, Fundi aliwajibu kwamba kiko kwa mshtakiwa.

Jumamosi jioni Bi Mkubwa akarudi. Safari hii aliketi, kwenye kiti cha wateja, macho yamemvimba kwa kusoma.

"Huyu mwandishi ana kiherehere," alianza. "Nikinogewa na ya zamani, ananivuta kwenye ya leo. Nikizoea ya leo, huyo, zamani tena. Kwani hawezi kutulia sehemu moja?"

"Hata mimi nilisema hivyo, mama!"

"Hukusema hivyo. Ulichosema nilikisikia." Fundi akainama, akaanza kuokota nyuzi ambazo hazikuwepo. "Na yule mama mkwe kaua. Sikatai. Aliyeua ameua. Lakini huyo mwali wa leo, mnayemwonea huruma, mimi nina neno naye."

"Kafanya nini, mama?"

"Kitabu kizima anasikia nyayo juu. Anatetemeka, anawasha taa, anajifunika shuka. Nyumba ni moja, ngazi ipo. Siku moja, mwanangu, hata siku moja, hakupanda akapiga hodi akauliza, mama umeamkaje? Ana mtu mzima juu ya kichwa chake, yeye anamfanya jini."

Fundi alicheka, kisha kicheko kikamkauka kinywani. Aliona aibu, aibu tupu, na hakutafuta pa kuificha. Mwaka mzima wa mchele na sabuni na salamu za kutumwa.

"Mama, nisamehe," alisema. "Kesho nitakupikia kwa mikono yangu."

"Kesho siji."

Bi Mkubwa akasimama, akaweka kitabu juu ya cherehani, akajifunga mtandio vizuri.

"Siji, kwa sababu si zamu yangu kuja. Nyumba yangu unaijua. Pazia linachechemea, lakini mlango ni mzima."

"Nitakuja, mama," Fundi akasema. "Nije saa ngapi?"

"Saa wanauliza wageni," Bi Mkubwa akasema, akatoka.