Kahawa ya Mwalimu Weynshet

Kabla ya kuja kutufundisha ufundi wa cherehani katika chuo chetu cha Kombolcha, Mwalimu Weynshet alikuwa mshonaji kiwandani. Ana sauti ya mnadani na ukaidi uliomshinda hata padri wake.

Chuoni tulijifunzia cherehani za kukanyaga, rika la bibi zetu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kiwanda cha nguo chenye mashine za umeme. Kila mwaka meneja wake, Bwana Gizachew, alikataa kutupokea kwa mazoezi, kisha akatunyima kazi kwa kuwa hatukuwa na mazoezi. Niambieni kama huo si uonevu.

"Watoto wako wanajua chaki tu, mama," alimwambia mwalimu.

"Sawa, bwana. Kesho nitaleta kahawa tuagane vizuri."

Kesho yake tuliingia naye kiwandani tumebeba birika la udongo, mkaa, ubani na bisi za kula na kahawa. Akatandaza majani mabichi sakafuni, katikati ya washonaji. Bwana Gizachew akapokea kikombe cha kwanza, na hapo akawa amejifunga. Kwetu, ukionja cha kwanza huinuki hadi cha tatu, kile cha baraka. Ukiinuka, umemtukana mwenye kahawa na ukoo wake.

"Ile mashine iliyofunikwa turubai ina nini?" mwalimu aliuliza.

"Mbovu. Inakata uzi."

"Vijana waiangalie kidogo?"

"Kuangalia tu."

Mwalimu alitukonyeza. Cha pili kilipomiminwa, tulikuwa tumeifungua mashine yote, imelala vipande vipande juu ya majani.

Bwana Gizachew alitaka kusimama. Washonaji wote wakamtazama. Akakaa.

"Mama, hawa wanajua kuirudisha?"

"Hawajui. Wangejulia wapi, na mlango umeufunga wewe?"

Yimam, fundi mkuu wa kiwanda, alicheka mpaka bisi zikampalia.

Cha tatu kikanywewa. Kisha meneja akatunyooshea kidole. "Mtakuja hapa kila siku mpaka kitu hiki kishone. Yimam, wafundishe."

"Itachukua muda, bosi."

"Najua. Huyu mama naye anajua."

Ilichukua muda kweli, maana kila tulipokaribia kumaliza, mwalimu alituma salamu kwamba mashine ya pembeni nayo inalia vibaya. Siku mashine ile mbovu iliposhona, Bwana Gizachew alikuwa ametuzoea kiasi cha kutugombeza kwa majina, na wengi wetu tukabaki pale kwa mshahara.

Mwaka uliofuata aliita kundi jipya mwenyewe, kwa sharti moja: waje bila kahawa.