Wageni wa Octave

Padiri alipomwambia Octave kwamba kwaya za nchi nne zitakutana Kasongo kushindana, Octave alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani kama mtu aliyepitia kwenye pombe. Mke wake, Anastasie, alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alipomwona akasimamisha mchi.

"Watatoka Usumbura," Octave akasema. "Watatoka Kigali. Watatoka Kigoma, kule kwa Waingereza. Na kwa Kongo, mama, ni siye! Siye watu wa Kasongo!"

"Na watalala wapi watu wote hao?"

"Kwetu. Miye nimeomba sita."

Anastasie akapiga makofi ya mshangao, kisha akacheka naye.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatawala. Octave, mzaliwa wa kijiji cha Wamaza, alikuwa seremala wa misioni, na jioni aliongoza kwaya. Anastasie alitoka Lusangi. Watoto wawili aliowazaa walizikwa wangali wachanga, na baada ya hapo hakushika mimba tena. Nyumba ikabaki na watu wawili na nyimbo zao. Octave akitunga kitu, alimwimbia mkewe kwanza, jikoni, na mkewe akikunja uso, wimbo ulirudi kutengenezwa.

Kwa mashindano hayo alitunga wimbo wa Kibangubangu, lugha ya kwao. Katikati yake kwaya nzima ilinyamaza, sauti moja ya mwanamke ikapanda peke yake kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, ndipo wengine wakamjibu. Octave hakuuliza nani ataiimba sehemu hiyo. Alimwambia mkewe tu, "Hapa ni weye," akaendelea kunoa randa yake.

Mji ukaanza kujipamba. Bwana Administrata, Mbelgiji mkuu wa wilaya, aliamuru nyumba za barabara kuu zipakwe chokaa, na wafungwa wakafyeka majani kandokando ya njia. Walionung'unika walinung'unika kwa sauti ndogo. Lakini wengi walifurahi kweli. Mzee Asani, jirani yao Mwislamu, alileta mikeka akisema Kasongo haikuanza jana kupokea wageni, na kwamba mgongo wa mgeni unachoka tu, awe wa kanisani au wa msikitini.

Octave hakutaka wageni wake walale chini. Alikwenda msituni na msumeno, akapasua mbao za vitanda, akazibeba mwenyewe begani. Tangu zamani alikuwa na uvimbe kinenani, unaotoka na kurudi. Safari hii haukurudi. Anastasie alimkuta uani ameinama, ameshika ukuta, jasho linamtiririka.

"Twende kwa munganga," akamwambia.

"Nikienda watanilaza. Na wageni wako njiani. Wakisharudi kwao, nitakwenda."

"Octave."

"Wakisharudi, mama. Usimwambie mutu."

Anastasie hakumwambia mtu. Siku iliyofuata uvimbe ulikuwa mgumu kama jiwe, Octave anatapika na hawezi kunyoosha miguu. Walimbeba kwa machela hadi hospitali, lakini ilikuwa imechelewa. Alikufa kabla jua halijafika utosini, mkono wake ndani ya mkono wa mkewe.

Seremala mwenzake hakuwa na mbao kavu za jeneza. Alizitazama zile za vitanda zilizoegemezwa ukutani, kisha akamtazama Anastasie. Anastasie akaitika kwa kichwa.

Walikuwa wametoka tu makaburini lori lilipoingia mtaani likipiga honi. Wageni walishuka wakiimba, kama watu wa kwaya wanavyoingia mji wa wenzao, wakafuata njia waliyoonyeshwa hadi mlango wa Octave. Pale wakakuta wanawake wameketi chini, na mama mwenye nyumba amenyolewa kichwa. Wimbo ukakatika.

Musafiri, kaka mkubwa wa Octave aliyetoka Wamaza kwa maziko, akasimama. "Muwapeleke kwingine. Hii nyumba iko na kilio."

Anastasie akainua kichwa. "Hawa ni wageni wa Octave. Watalala hapa."

Wakalala pale, juu ya mikeka ya Mzee Asani. Kati yao alikuwamo mama mmoja mnene wa Kigoma, jina lake Faida. Aliweka mzigo wake chini, akaketi kwenye vumbi na wafiwa bila kuambiwa. Kesho yake aliteka maji, akasugua masufuria, akapika mchele. Alipomlisha Anastasie kijiko kwa kijiko, alikuwa akisema, "Kula, dada, hata kidogo," kwa Kiswahili chake cha upande wa pili wa ziwa. Mchana wale wageni sita waliimba nyimbo za msiba za kwao, polepole, na watu wa mtaa walilia bila kuelewa maneno.

Mjane hakuruhusiwa kutoka uani, wala kuimba, mpaka matanga yaondolewe. Kwa hiyo ile sehemu yake alipewa Clémentine, msichana wa sauti nyembamba na safi. Clémentine alikuja kupiga magoti mbele yake.

"Mama, unipe ruhusa."

"Uimbe, mutoto wangu. Uimbe vizuri."

Lakini msichana alipokwisha kuondoka, Anastasie aligundua kwamba anataka ashindwe. Hakumwomba Mungu jambo hilo. Alilitamani tu, na alijua Mungu anasikia na hayo.

Siku ya mashindano mtaa wote ulihamia misioni. Anastasie alibaki ameegemea ukuta wa jiko. Upepo ulimletea nyimbo vipande vipande: ngoma za Warundi, makofi, kigelegele. Kisha akausikia wimbo wao. Akaufuata kwa midomo iliyofungwa mpaka pale kwaya iliponyamaza, na sauti ya Clémentine ikapanda.

Ilipanda vizuri. Vizuri kuliko alivyotegemea, na moyo wake ukachomwa kama kwa sindano. Halafu sauti ikakatika. Akangoja wengine wajibu. Hakuna aliyejibu. Baada ya kitambo makofi yakaanza, taratibu, yale ambayo watu humpigia mtu wanayemhurumia.

Faida aliporudi, alimweleza yote. Msichana alitupa macho pale ambapo Octave angesimama, akaangua kilio, na kwaya nzima ikalia naye. Waamuzi hawakuweza kuupima wimbo usiokwisha. Ushindi ulikwenda Usumbura.

"Alianza vizuri?" Anastasie akauliza.

"Vizuri sana, dada."

Anastasie akafunika uso kwa kitenge. "Miye nilitaka ashindwe."

"Hata mimi ningetaka," Faida akasema, akamvuta karibu.

Siku ya kuondoka, mizigo ikiwa imekwisha fungwa, Faida alimwomba jambo. "Tuimbie alipoishia. Tusirudi kwetu bila kujua unakwishaje."

Wanaume walikuwa wamekwenda kuagana na Padiri. Anastasie alitazama uani, akaanza kwa sauti ya chini. Lakini sehemu ile haikutungwa iimbwe chini. Sauti ilimponyoka, ikapanda, ikapita juu ya ua, na alipofika mwisho wageni wote sita walikuwa wakilia. Mlangoni alikuwa amesimama Musafiri.

Alingoja lori liondoke na vumbi litulie.

"Udongo wa kaburi la ndugu yangu bado haujakauka," akasema, "na weye unaimba. Majirani wamesikia."

"Nilikuwa ninamwimbia yeye."

"Inawezekana. Lakini siye tumesikia kuimba tu."

Aliyasema bila hasira, na Anastasie angefurahi zaidi kama angempiga. Ukoo ulikaa, ukaamua kwamba hawamtambui tena kuwa mjane wao. Randa na misumeno ya Octave ilikwenda Wamaza. Anastasie alirudi kwao Lusangi na sufuria moja na jembe.

Ndugu yake alimpa shamba: pamba iliyolazimishwa na serikali upande mmoja, karanga zake upande mwingine. Jumapili aliketi nyuma kanisani, na wengine walipoimba hakutikisa hata midomo. Watu wa Lusangi walimhesabu kuwa mtu asiyejua kuimba, naye hakuwasahihisha. Kila alipoinama kupalilia, lilimrudia neno lile lile la Octave: usimwambie mutu. Laiti angemwambia hata mmoja.

Baada ya Pasaka mbili Clémentine alimtembelea, mtoto mgongoni, miguu imejaa vumbi la safari. Kwaya ilikuwa imelegea, akasema, na mwongozaji mpya alitaka kuufufua wimbo wa Octave. Padiri mwenyewe ndiye aliyemtuma, amwombe Anastasie aje kuimba ile sehemu yake.

Anastasie alimpikia bugali na samaki, akamjazia kikapu karanga, akamsindikiza hadi barabarani.

"Umwambie Padiri sauti yangu ilikwisha."

"Ilikwisha kweli, mama?"

Anastasie akamtazama yule mtoto aliyelala mgongoni.

"Sijaijaribu," akasema.

Akamkazia Clémentine kitenge cha mtoto, akampa mkono wa kwaheri, akageuka kurudi, maana upande wa chini wa shamba ulikuwa bado na majani.